Kikapu cha Karanga cha Pasta Théophile

Umetimia mwaka, Baba yetu Pasta Théophile Kimwanga, tangu ulipotutoka, na kumbikumbi wameruka tena juu ya Kasongo. Wewe ndiye uliyetufundisha kuwangoja kabla ya kupanda. Mvua ya kwanza ikinyesha, watu wote walikimbilia majembe, nawe ukachomeka kidole udongoni na kutikisa kichwa. Ulisema Biblia inatuambia kuna wakati wa kupanda, lakini haikusema ni leo. Tulikucheka. Halafu jua likarudi, mbegu za wenye haraka zikakauka, na bustani yako kando ya kanisa ikaota yote.

Aksanti kwa mikono yako. Kila Jumapili Mama Sidonie, mke wako, alikusugua kucha kwa limau, na bado ulishika Biblia kwa kucha nyeusi. Aksanti kwa ile ibada ya mwezi wa kwanza, mawingu yalipokusanyika na watu wameanika karanga nje. Ulikatisha mahubiri palepale, ukasema amina, nendeni mukaanue. Mpaka leo kanisani wanasema hayo ndiyo mahubiri yako yaliyoeleweka kuliko yote.

Na aksanti kwa kopo. Kila ndoa uliyofungisha, maharusi waliondoka na kopo moja la karanga nyekundu za mbegu, zile ulizorithi kwa mama yako kule Kabambare. Ulizitunza kwenye kikapu ulichotundika juu ya meko, moshi uzikinge na wadudu. Uliwaambia: hizi si za kula, chembe isiyokubali kuingia udongoni itabaki peke yake.

Sasa sikia yaliyotupata, Baba. Matanga yako yalijaa watu. Shangazi Chimène, dada yako, alikuja na wanawake wa Lusangi kupika. Siku ya tatu sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa tamu ajabu, watu wakalamba vidole na kusema Pasta anasindikizwa vizuri. Kumbe Shangazi alikuwa amekishusha kikapu na kutwanga karanga zote. Angejuaje? Kwenu mama yenu alitunza mbegu chumbani, ndani ya kibuyu. Kilicho jikoni ni cha kupikwa.

Mama aliinua macho akaona msumari mtupu. Alikuwa amemzika mume, na sasa aliona bustani yake nayo inazikwa, ile iliyolisha wajane wa kanisa na wagonjwa wasio na ndugu. Kumbikumbi waliporuka, yeye alikaa ndani, jembe liko nyuma ya mlango. Aurélie, binti yako, alipombembeleza atoke, alimjibu: “Nipande nini? Mbegu ya baba yenu tulikula sisi wenyewe, tena tukasifu mupishi.”

Shangazi alilia mbele ya wanawake wa kanisa, akawaeleza alichofanya, na habari ikatembea. Asubuhi moja Mzee Amuri, jirani yetu wa msikitini, akabisha hodi. Unakumbuka ulivyompa mbegu mwaka ule nguruwe wa pori walipomaliza shamba lake. Alikuwa na kopo mkononi, limejaa karanga nyekundu. Mama akamshukuru kwa zawadi, naye akalikataa neno hilo.

“Hapana, Mama Pasta. Hii haiko zawadi. Iko ya Pasta mwenyewe. Kwangu ilikuja kuzaa tu.”

Nyuma yake wakaja maharusi wako, wa zamani na wa juzi, wengine na watoto mgongoni, wengine kwa pikipiki toka Salamabila, kila nyumba na kopo lake. Kikapu kikafurika, tukaazima sufuria. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike, halafu akalia, halafu akauliza jembe lake liko wapi.

Tulivuna, Baba. Wajane walikula. Kikapu kimerudi juu ya meko, kimefungwa kitambaa chekundu ili mpishi yeyote akitambue, na kitambaa hicho alikishona Shangazi kwa mkono wake. Jumamosi hii Joël na Darlène wanafunga ndoa. Pasta mpya atawabariki, na kopo atalitoa Mama. Jana tulimkuta jikoni anajaribu maneno yako mbele ya kikapu. Alisema, “Hizi si za kula.” Kisha akaongeza lake: “Hata siku ya matanga yangu.”

Tunamshukuru Mungu aliyetuazima wewe. Tunaokukumbuka ni mke wako Sidonie, watoto wako Jean-Paul na Aurélie, mjukuu wako Esther-Divine anayejifunza kuchomeka kidole udongoni, dada yako Chimène, Mzee Amuri na jamaa yake, na nyumba zote zilizoanza na kopo lako.

Kila kumbikumbi watakaporuka, Baba, tutakukumbuka.