Sephora Hakukatii Tena Simu

Lubumbashi, Karavia
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Mpendwa yaya Dorcelle, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Yale mafua yamekuacha? Na joto la Kalemie, umelizoea? Sisi huku ni wazima. Mvua zimeanza, na umeme unakuja unapotaka wenyewe.

Najua kilichokuumiza tangu utuachie Sephora ukaenda kuuguza watu huko. Kila ulipopiga, mwanao alikutazama kidogo, kisha akakukatia simu ili arudi kwenye katuni. Ukasema utakuja Noeli ukute mtoto asiyekujua. Neno hilo lilinichoma, yaya.

Kwanza tulimnyang'anya simu kama polisi. Akamwaga mboga yote ya sombe, akamnyooshea kidole mume wangu: "Na papa?" Kweli, Floribert alikuwa anakula bukari kwa mkono mmoja na kuwaandikia madereva wa malori walioko mpakani Kasumbalesa kwa mwingine. Mimi nilikuwa nacheka na video za harusi ya watu nisiowajua. Mtoto wa miaka minne alituumbua mezani kwetu!

Basi sasa chakula kikija, simu zote zinapanda juu ya kabati, za wakubwa kwanza. Floribert alinung'unika, "Bantu ya kazi batapigia nani?" Nikamwambia malori yale yamezoea kungoja. Katuni hatukuzifuta. Sephora anazitazama jioni akishaoga, na mmoja wetu anakaa naye.

Mwanzoni ilikuwa vita. Leo anakula mwenyewe, anachafua kila kitu, na anaongea hadi kichwa kinaniuma. Mgumu ni shemeji yako: juzi tulimkuta amejifungia chooni na simu.

Jana ulipopiga ulijionea. Sephora alikuonyesha viatu, akakuimbia, hadi ukakata wewe kwa kuwa zamu yako hospitali ilifika. Hukuona kilichofuata. Alibaki ameishika simu, wala hakuomba katuni. Akaniuliza, "Mama atakuya siku gani?"

Nilimjibu Noeli. Aliruka, akaenda kuwatangazia majirani wote. Tafadhali yaya, usinifanye mwongo.

Baba anakusalimu, na Floribert, na jirani yetu Céline. Nisalimie mama Ntumba aliyekupa chumba. Mungu akulinde kazini, akufungulie na njia ya kurudi kwetu.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Wivine