Hodi ya Bustanini

Mume wangu Suleiman,

Assalaamu alaykum. Sisi hapa Wingwi wazima, alhamdulillahi. Mama yako kaanika karafuu, na mbuzi wako kazaa pacha.

Umeniuliza mtu huanzaje kuuzoea mji asimojua mtu. Nikwambie yangu, ucheke.

Zama za Mwingereza, mie msichana sijaolewa, shangazi alinichukua Unguja. Alasiri moja akanipeleka bustani ya Forodhani. Yeye akabaki nyuma kununua kashata, nami nikafika mlangoni peke yangu. Nyasi zimekatwa vizuri, maua yamepangwa, asumini inanukia hadi njiani. Kwetu mahali palipotunzwa vile pana mwenyewe. Basi nikasimama nje, nikapiga hodi.

Watu wakacheka! Nikatamani ardhi inimeze. Mara msichana mmoja aliyekaa kwenye benchi akaitikia, "Karibu, mwenzangu! Pita ndani."

Nikapita, nikamshukuru kwa bustani yake nzuri. Akasogea, nikakaa. Tukazungumza mpaka shangazi akanikuta, na ndipo mwenzangu aliponiambia kuwa yeye ni wa Chokocho, huku huku kisiwani kwetu, kaja Unguja juzi tu, na bustani ile hata haijui ya nani.

Huyo ndiye Bi Time, anayekuletea mkate wa ufuta kila Idi, nawe siku zote ukidhani ni ndugu yangu wa damu.

Basi piga hodi huko uliko, mume wangu, na wakicheka waache wacheke. Na ukimwona mtu kasimama mlangoni anasita, usimngoje mwenye bustani. Itikia weye.

Mkeo wa kwanza,
Bibi yako Mwanakombo