Funguo Sitoi

Kwako Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na goti la Mama limeacha kumsumbua. Sisi huku tu wazima, ila mimi nina hasira, na nimeona nikuandikie kabla hazijapoa.

Barua yako nimeipata. Umeniagiza nimkabidhi shemeji yako funguo za gari kwa kuwa nimeliachia likavutwa na watu wa jiji kama mbuzi mkaidi, tena ukasema ugenini si mahali pa mwanamke kujifunzia barabara. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Kaka, gari hili nimelinunua kwa sindano yangu, na ndiyo kazi yangu. Nashona mapazia na kwenda kuyatundika majumbani mwa watu. Ngazi, fito na cherehani vyote vimo humo. Nisipoendesha, sishoni.

Mtaa tuliohamia hufagiwa kwa mashine kila Jumatano, na kibao kilicho ukingoni kinakataza kuegesha kuanzia 8 hadi 10. Huku hawahesabu saa kama sisi. Nane yao ni saa mbili yetu ya asubuhi. Jumatano ile gari likaachwa pale kwa amani, eti mpaka saa nane mchana. Saa tatu asubuhi nachungulia dirishani, halipo! Na mapazia ya mteja yamekwenda nalo.

Nilikwenda kwa miguu hadi yadi wanakoyaweka magari yaliyovutwa, nikapanga foleni, nikamweleza karani habari ya saa zetu. Alicheka hadi akavua miwani. Akasema sheria haizijui saa za kwetu, nikamjibu kwamba mimi sasa nazijua zao. Nikalitoa mwenyewe, na mapazia nikayatundika siku ile ile.

Sasa kuna jambo nimelimeza mwezi mzima, leo nalitema. Aliyeegesha si mimi. Ni shemeji yako. Nilimwambia kibao kile kina mambo, tukisome pamoja. Akasema yeye hasomewi vibao na mke. Akaona nane, akahesabu ya nyumbani. Gari lilipovutwa alinisihi nisimwaibishe kwako, kwa kuwa wewe ndiwe uliyemfundisha kuendesha. Nikakubali kulibeba kosa lisilo langu, maana ni mume wangu na nampenda. Kumbe alishakuandikia, tena akatia chumvi! Nyani haoni kundule.

Kwa hiyo funguo sitoi. Si kwake, si kwako, hata mkiitisha kikao cha ukoo mzima. Akitaka kwenda mahali, akae kiti cha pembeni, afunge mkanda, atulie.

Nisalimie wifi na watoto, na Mama umwambie naendesha vizuri. Barua hii nimempa shemeji yako aisome kabla sijaifunga. Ameniomba nifute aya moja, unaijua. Nimempa kalamu, nikamwambia kama kuna uongo aandike ukweli wake hapa chini. Ameirudisha bila kuandika kitu.

Mdogo wako akupendaye, ila hakuogopi,
Fundi Mapazia