Mhuri Niliougonga Bila Kusoma

Jumatatu, 10 Januari 1966
Theluji imefika dirishani. Ubao wa taarifa unaozunguka nyumba hadi nyumba umeletwa. Nimegonga mhuri wetu, nikaupeleka ubao nyumba inayofuata, kwa Bi Sakuko. Ndivyo nifanyavyo mume wangu Shokichi asipokuwepo kunisomea — nagonga, napeleka. Yuko Tokyo kwenye ujenzi hadi Machi.

Alhamisi, 13 Januari
Balaa! Mzee Hatakeyama, balozi wa nyumba zetu kumi, amekuja kunipongeza. Kumbe ubao ulinipendekeza niwe katibu, na mhuri wangu ndio kukubali. Nikasingizia kazi. Akacheka: mhuri haufutiki, mama, Jumapili tunakutana kwako, utaandika muhtasari.

Nimebanwa. Shule niliachishwa nikiwa na miaka minane, nilee wadogo zangu. Herufi nyepesi za katakana nilimaliza, za hiragana nikazipata. Kanji, zile herufi nzito za wasomi — chache mno, hata za jina langu zanisumbua. Ajuaye siri hii ni Shokichi peke yake.

Ijumaa, 14 Januari
Shokichi aliwahi kunionyesha. Hiragana ni kanji iliyoandikwa mbiombio mpaka ikalainika. Katakana ni kipande kilichomeguliwa humohumo. Ni zilezile, alisema, zimevuliwa makoti. Basi mbona mwenye koti ndiye anayehesabiwa mtu? Nikiandika muhtasari kwa hiragana tupu, hakuna atakayeshindwa kuusoma. Lakini utazunguka nyumba kumi, na kila nyumba itanicheka. Naona aibu, na nina hasira.

Jumamosi
Nimenakili kanji ya “theluji” mara arobaini. Ya “barabara” imenishinda.

Jumapili, 16 Januari
Wamejaa sebuleni. Mzee Hatakeyama ametaja la kwanza, zamu za kuzoa theluji, akaniambia, haya katibu. Kalamu mkononi. Nikasema chai kwanza. Niko jikoni, birika limechemka mara mbili. Mlango wa nyuma umezibwa na theluji.

Bi Sakuko ameingia. Mdomo wake huo, kesho mtaa mzima utajua! Ameuliza, chai au arusi? Kisha akaliona daftari hili, lote kwa hiragana, akalichukua. Sikupata muda wa kulificha.

Amesoma kurasa zote, kidole chini ya kila mstari, midomo ikicheza. Hakucheka. Akasema polepole: dada, hii nimeisoma yote, si kama ule ubao.

Amenirudishia. Amefunga mlango wa sebuleni, na yeye yuko upande wangu. Naandika ili nisimtazame. Mzee anaita katibu. Anaita tena. Bi Sakuko amejibu kwa sauti: chai bado.