Mapipa Yaliyokwanguliwa Majina

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba uchapishe barua hii bila jina langu, majina yote humu nimeyabadilisha, hata la mbwa, maana Wirrabeel ni mji mdogo na kila anayesoma safu yako hapa kazi yake ya pili ni kukisia nani kaandika.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, niko na mume wangu Alwyn mwaka wa thelathini na nne huu, tunalima ngano, na zamani tulikuwa na kondoo mpaka ukame ukatufanya tuwauze wote na banda la kunyolea manyoya likabakia na mbayuwayu. Sasa mwezi wa Aprili mdogo wangu wa kiume Lindsay, ambaye nilimlea mwenyewe baada ya mama kufariki, alikuja na mtu mmoja aitwaye Craddock, kavaa buti mpya ambazo hazijawahi kukanyaga samadi, wakasema wanatafuta mahali pakavu pa kuweka mapipa matupu kabla ya kuyapeleka kuyeyushwa chuma.

"Matupu kabisa, dada," Lindsay akasema, huku anajikatia keki yangu bila kukaribishwa. "Hayali, hayanywi, hayapigi kelele. Wapangaji gani wazuri kama hao?"

Alwyn alikuwa shambani anapanda, Craddock akatandaza karatasi juu ya boneti la gari, nami nikatia sahihi bila kuvaa miwani. Ndiyo, mshauri, nimesema. Sikusoma. Nakala yangu nikaitupa kwenye droo ya jikoni pamoja na kamba na betri kuukuu, na jioni nikamwambia Alwyn kwamba Lindsay amepata mpangaji wa banda, akaitikia "haya" kama anavyoitikia kila kitu wakati wa kupanda.

Tangu hapo sina raha. Malori yalianza kuja saa ya chakula cha mchana, malori yasiyo na jina la kampuni mlangoni, namba zake zimepakwa matope wakati mvua haijanyesha tangu Pasaka, na mlangoni pa banda ikafungwa kufuli ambayo ufunguo wake sikupewa, na mwezi wa Agosti ikaanza harufu, kali na tamu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, halafu mbayuwayu waliokuwa wanajenga kwenye paa lile kila mwaka wakaja, wakazunguka siku mbili, wakaondoka. Baadaye mbwa wetu, nimwite Biscuit, akarudi nyumbani anachechemea, nyayo zake zimebabuka kama mtu aliyekanyaga sufuria ya moto. Nikampigia Lindsay.

"Lindsay, mapipa matupu yananuka vipi namna ile?"

"Hata chupa tupu ya bia inanuka, dada."

"Chupa tupu haimuunguzi mbwa miguu."

"Wewe tangu utoto mtu wa kunusanusa tu. Nusa sana, mwisho utapiga chafya." Akacheka. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, namjua anavyocheka akisema kweli, na kile hakikuwa kicheko hicho.

Lakini linaloninyima usingizi si Lindsay, ni Alwyn. Yeye ni nahodha wa kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea, mtu anayeweza kunusa kiberiti kutoka shamba la jirani, na nilipomuuliza, "Alwyn, hiyo harufu huisikii?" akasema, "Upepo umegeuka," na siku hiyo, mshauri, hapakuwa na upepo wa kutikisa hata nguo kwenye kamba. Tangu Julai kila Alhamisi anakwenda mji wa Horsham, anasema anatafuta vipuri vya mashine ya kuvunia, anarudi bila hata nati moja. Nilipokuwa nachukua koti lake nilifue nikakuta bahasha ya kahawia yenye nembo ya serikali ya jimbo, ya mamlaka ile ya mazingira, na kabla sijaifungua akaingia, akaichukua taratibu mkononi mwangu, akaikunja mara mbili, akasema, "Matangazo tu." Na Jumamosi nikienda kuangalia mechi ya netiboli, wake wa wanazimamoto wakiniona wananyamaza, halafu wanaanza kuzungumzia hali ya hewa wote kwa pamoja.

Wiki mbili zilizopita, Alwyn akiwa Horsham, nilipitia tundu la kutolea kondoo, nikatambaa kwa tumbo mpaka ndani. Mshauri, mapipa yamepangwa mpaka darini. Karatasi za majina zimekwanguliwa kwa kisu, mapipa mengine yamevimba vichwa, moja linatoka jasho la kahawia na ubao chini yake umelainika kama mkate uliochovywa chai. Nilihesabu mpaka mia tatu, kichwa kikaanza kuuma, nikatoka. Nilitapika siku mbili, Alwyn nikamwambia ni samaki.

Nikaenda kwenye droo nikavaa miwani. Ile karatasi inasema kwamba mimi, mmiliki, nimekagua mapipa yote na nimeridhika kuwa ni matupu na safi. Nilipiga simu ofisi ya wilaya nikijifanya nauliza kwa niaba ya rafiki, mama mmoja akaniambia, "Taka za kemikali si zetu, mpenzi, hizo ni za jimbo, nikupe namba yao?" nikakata simu, na sasa namwogopa hata yule mama, huenda ameijua sauti yangu.

Nyasi zimeanza kukauka, msimu wa moto unakaribia. Nikisema, nitamfunga ndugu yangu, labda na mume wangu, na karatasi yenyewe ina sahihi yangu. Nikinyamaza, naishi hatua mia nne kutoka kwenye kitu nisichokijua jina. Nimwamini nani katika hawa, na nifanye nini?

Ni mimi,
Mwenye Banda


Mwenye Banda,

Kaa chini, na kikombe cha chai kiweke pembeni, maana nitakusema kidogo kabla sijakuhurumia.

Umemshuku mdogo wako, mpangaji, malori, mumeo, wake wa wanazimamoto, na mama wa watu ofisi ya wilaya aliyetaka kukupa namba ya simu tu. Yule mama ndiye pekee katika barua yako nzima aliyejaribu kukusaidia, nawe ukamkatia simu. Kalamu yako mwenyewe umeipa mstari mmoja na nusu. Mwanamke mwenye shamba, aliyeuza kondoo na ngano maisha yake yote, ambaye sina shaka hanunui tairi bila kusoma maandishi yake, akatia sahihi juu ya boneti la gari la mgeni! Ulifanya hivyo kwa sababu aliyemleta ni Lindsay. Naelewa. Mtoto uliyemlea huwa humwoni ukubwa wake. Lakini ana ndevu sasa, na anakudanganya huku mdomo umejaa keki yako.

Sasa sikiliza. Hukuniuliza kuhusu jambo ambalo mimi limenitia baridi: mumeo ni nahodha wa zimamoto. Banda lile likishika moto, king'ora kitalia mjini, na watakaokuja mbio ni jirani zako, mwalimu, mwokaji mikate, kijana wa posta, wakiamini wanazima banda la kondoo. Penye kemikali nyingi sheria inataka bango getini liwaambie wazimamoto wanakwenda kupambana na nini. Kwako hakuna bango. Ndiyo maana majina yamekwanguliwa: asijue mtu. Jimbo linataka kila mzigo wa taka hatarishi uandikwe tangu kiwanda kilikotoka, nani kaubeba, nani kaupokea na kwa kibali gani. Mzigo wa kwako umeruka mstari, ukaangukia kwa mwenye ardhi ambaye hakuvaa miwani. Na sheria itamuuliza mwenye ardhi.

Itakuuliza kwa ukali zaidi ukiwa ulijua na ukanyamaza. Tangu siku ulipotambaa kwenye lile tundu, unajua.

Usirudi ndani ya banda, hata kuchungulia. Mbwa mfunge. Mtu asivute sigara wala kuwasha mashine upande ule. Usimpigie Lindsay, maana utamwonya bila kukusudia, na mapipa yatahamia shamba la mwingine, au yatamwagwa mtoni. Leo hii, ukimaliza kusoma, piga simu kwa mamlaka ya jimbo, waambie kila kitu, mapipa yaliyovimba kwanza na sahihi yako pili. Useme wewe kabla hawajakuuliza. Halafu mtafute wakili wa msaada wa bure, na usitie sahihi kitu kingine chochote duniani kabla hajakisoma.

Na Alwyn? Mwambie baada ya kupiga simu, wala si kabla. Kama hana hatia, hatapoteza kitu kwa kuchelewa robo saa. Kama anayo, hiyo robo saa ndiyo angeitumia. Lakini umwambie uso kwa uso, siku hiyo hiyo. Watu wawili hawawezi kula meza moja miezi minne kila mmoja akichunguza mfuko wa koti la mwenzake. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nawe umeficha vya kutosha.

Simu i wapi? Nyanyuka.

Thelma Quirke


Bi Thelma,

Naandika tena kwa sababu wasomaji wako wamekuuliza iliishaje, na kwa sababu mji wote unajua sasa hata hivyo.

Nilipiga simu Jumatano asubuhi, gazeti likiwa bado liko mezani. Aliyepokea alizungumza taratibu, akaniuliza upepo unavuma kuelekea wapi. Halafu nikaenda karakana, Alwyn alikuwa chini ya trekta, nikaiambia miguu yake kila kitu, maana uso wake ningeshindwa. Samahani, ulisema uso kwa uso.

Alitoka taratibu, akajifuta mikono kwa muda mrefu sana.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui," akasema.

"Kujua nini?"

"Kilichomo. Nilikuta karatasi kwenye droo mwezi wa Julai nikitafuta betri. Nilikuwa nimekwisha chungulia ufa wa banda nikaona si matupu, na hapo sahihi yako chini, umekagua, umeridhika. Nikasema basi, wewe na Lindsay mmeamua pamoja, na mimi mmeniacha nje."

Alhamisi zote zile alikuwa kwa wakili wa bure Horsham, anauliza mke aliyetia sahihi atafanywa nini. Bahasha ilikuwa kijitabu cha jimbo cha wajibu wa mwenye ardhi, aliomba kwa jina la kubuni. Na wanazimamoto wake alikwisha waambia, bila kueleza kwa nini, kwamba banda langu likiwaka wasisogee, waache liungue, wahamishe watu tu. Ndiyo sababu wake zao walikuwa wananyamaza. Walidhani mimi ndiye mhalifu.

"Miezi minne, Alwyn! Na kama pangeungua?"

"Na wewe je? Samaki gani anamtapisha mtu siku mbili?"

Tuligombana vizuri, Bi Thelma, kama ambavyo hatujagombana tangu watoto wahame, nami nikamwambia ukweli wake: nahodha aliyejua na kunyamaza ana kosa kubwa kuliko langu. Alikwenda mwenyewe kujiuzulu unahodha, na kikosi hakijasema kama kimekubali.

Si kwamba mambo ni mazuri. Craddock simu yake haipatikani na anwani aliyotoa ni ya duka la maua. Lindsay amehojiwa mara mbili, nasikia ametaja majina, mimi hajanipigia, nami nalala na simu karibu. Maji ya kisima hatunywi mpaka yapimwe tena, majani ya mifugo tuliyokata hatuwezi kuyauza, na kuondoa mapipa yale kutachukua mpaka majira ya baridi, katikati ya mwaka ujao. Tumepewa amri ya maandishi yenye kurasa kumi na moja. Nimezisoma zote, kwa sauti, wakili akisikiliza.

Ila siku ile ya kwanza walipofika, watu wa jimbo na mavazi yao meupe na vipimo vyao vya hewa, kiongozi wao, msichana mdogo tu aitwaye Huynh, alikaa jikoni kwetu na fomu yake, akauliza, "Aliyetoa taarifa ni nani kati yenu? Lazima niandike jina."

Nilifungua mdomo. Alwyn akawahi.

"Andika yote mawili," akasema, na akayatamka herufi kwa herufi, la kwangu kwanza.