Saa 4 ya Nani

Jumapili

Kosa ni langu, ndicho kinachoniuma. Kwenye faili la kampeni ya mchezo wetu wa vita vya mezani, nililoliandika mwenyewe na kuwatumia wenzangu kwenye simu, niliweka: "Kikosi cha akiba kitafika saa 4 asubuhi." Vita vinaanza jua likishachomoza, yaani saa 1 yetu, kila raundi saa moja. Hesabu rahisi: raundi ya nne!

Mpinzani wangu leo, Mwansa wa Nakonde, upande wa Zambia, akakiingiza chake mwanzoni kabisa. "Mudala, mzee wangu, sisi tunahesabu Kizungu. Saa 4 bado giza, kimeshafika kabla ya vita!"

Nahodha wangu, askari mdogo wa plastiki niliyempaka rangi mwenyewe, aliyeshinda mapambano sita, akafa. Na sheria yangu inasema aliyekufa harudi.

Mwansa akamsimamisha. "Huyu kajeruhiwa tu."

Kwenye faili nimefuta saa zote, zimebaki raundi. Nahodha nimemchora kovu shavuni.