Sairensi ya Afande

Afande,

Nakuita hivyo kwa sababu mtaa mzima wa Masese ulikuita hivyo, na kwa sababu nikikuita Baba mbele ya watu ulijifanya husikii. Hujamaliza hata miezi miwili kaburini, na mdogo wako ameshakuwa fundi wa magari. Baba mdogo, yule asiyeweza kuziba pancha ya baiskeli! Cheka kwanza.

Gari yako kuukuu ilibaki na ugonjwa ule ule: injini inawaka vizuri, lakini ukizungusha usukani gari ikiwa imesimama, inazima. Baba mdogo akakumbuka ulivyomlalamikia: "Sairensi imepotea." Sisi mafundi tunajua sairensi ni ule mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta. Yeye akasikia sailensa, ile ya bomba la moshi, akaipeleka gari Jinja mjini kwa Waiswa, mwanafunzi wako wa zamani, na yule bwege akafunga ekzosi mpya! Bomba zima, mbele mpaka nyuma, eti kuponya usukani. Mtu anaumwa jino, unamnunulia viatu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Miaka minne ulimfundisha Waiswa. Ekzosi ilipokataa, akabadilisha betri. Betri ilipokataa, akachomeka kimashine chake cha kupimia, akatikisa kichwa kama daktari, akasema pampu ya usukani imekufa na gari yenyewe haifai. Fyuu! Baba mdogo akatangaza kwamba Jumamosi watu wa vyuma chakavu watakuja kuibeba. Gari uliyoifungua na kuifunga kwa mikono yako, ikakatwekatwe!

Nikafunga karakana yangu ya Namakwekwe, huko Mbale, nikapanda basi kuja nyumbani. Waiswa alikuwepo uani kwetu, amekunja mikono. "Dada, hii si kazi ya gauni." Nilikuwa nimevaa ovaroli yako.

Ulinifundisha kwamba injini huulizwa, haipigwi. Nikaiwasha, nikazungusha usukani, ikazima. Nikaiwasha tena, safari hii nikakanyaga mafuta kidogo: haikuzima, na usukani ulikuwa laini. Basi pampu nzima. Ila pampu ikifanya kazi huilemea injini, na pale kwenye pampu kuna swichi ndogo ya kuiambia injini ijikaze. Nikachomoa waya wa swichi ile, nikaugusisha kwenye chuma cha bodi. Mngurumo ukapanda papo hapo. Waya mzima, injini inasikia, swichi ndiyo bubu. Dakika kumi, Afande! Waiswa akaanza kuangalia simu yake.

Nikafungua kikasha cha dashibodi nitafute kitambaa cha kufutia mikono. Nikakuta kitu kimefungwa kwenye gazeti, na mwandiko wako juu yake: "Swichi ya stelingi. Afunge Nambozo. Mutu ingine asiguse."

Nambozo. Mimi.

Kumbe ulijua. Ulishapima, ukanunua na swichi, ndipo ukanipigia simu Mbale: "Kuja uone gari, iko na shida." Nami nikakujibu kwa dharau hii hii ninayowamwagia wenzangu: "Afande mzima unashindwa na sairensi?" Ukacheka. Ukasema, haya basi, nami sikuja. Baada ya hapo nikapigiwa simu ya msiba.

Hukuhitaji fundi, Baba. Ulitaka nije. Baba mdogo alikosea neno moja; mimi nilisikia yote na sikuelewa hata moja. Asiyejua maana nilikuwa mimi. Najichukia kwa hilo, na wewe nimekukasirikia pia. Ungesema tu, "Kuja, nimekumiss," ungekufa?

Nimeifunga swichi. Usukani unazunguka na injini haishtuki. Watu wa vyuma chakavu walirudi mikono mitupu, na Jumapili nilimpeleka Mama kanisani, amekaa mbele, kiti chake kile kile.

Lala sasa, Afande. Mama akinipigia kesho aseme bomba la maji linavuja, sitamuuliza linavujaje. Nitapanda basi.

Mwanao,
Nambozo